Leseni kwanza, kujifunza baadaye?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Uyole, Mbeya, nimemaliza wiki mbili chuo cha udereva, lena (leseni ya kujifunzia) ninayo, nataka class D tu, ya gari dogo binafsi, maana nyumbani tuna Toyota IST ya auto. Kuna jamaa anataka laki mbili na nusu anitolee leseni bila kupimwa na trafiki, kujifunza nitamalizia mwenyewe barabarani. Desemba nategemea kuipeleka gari Dar. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, siyo sawa, na huyo jamaa namjua hata kama simjui, maana kila wiki naletewa mtu aliyeliwa na mwenzake.

Hebu piga hesabu. Leseni yenyewe TRA (mamlaka ya mapato) ni elfu 70 kwa miaka 5, lena umeshalipia, unapimwa na trafiki, ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, unaenda TRA kupiga picha na kuweka vidole, basi. Sasa hiyo laki na themanini ya juu unanunua nini? Unanunua kutopimwa. Na mara nyingine unapewa kikadi kizuri kabisa kinang'aa, siku trafiki anakitafuta kwenye mfumo hakipo, hapo kesi ni yako na kishoka, yaani huyo jamaa wa njia za panya, hapokei simu. Ukigonga mtu ndo utajua bima nayo inataka dereva mwenye leseni halali.

Ila kinachonichosha zaidi siyo hela, ni hili la "nitamalizia barabarani". Barabara ipi? Ungekuwa unaishi sehemu tambarare ningekukaripia kidogo tu, lakini wewe upo Uyole, ukitoka hapo ni Mlima Nyoka, ukienda upande wa Mbalizi kuna mteremko wa Iwambi, na hiyo safari yako ya Dar ukishapita Iringa unaushuka mlima Kitonga na malori mbele na nyuma. Hakuna kujifunzia pale.

Na wanaojifunza mtaani wote wanafundishwa uongo mmoja: kwenye mteremko weka nyutro (gia huru) uokoe mafuta. Nani aliwaambia jamani! Gari za siku hizi za EFI, yaani zinazopulizia mafuta kwa kompyuta, ukishuka ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta, kompyuta inakata mafuta kwenye injini, matairi ndo yanaizungusha. Ukiweka nyutro injini inabidi ichome mafuta ili isizime, kwa hiyo unayeokoa ni yule aliyebaki kwenye gia. Tena nyutro inakuachia breki ya mguu peke yake, unaikanyaga mfululizo, padi zinapata moto, unaanza kusikia harufu kama ya kitu kinaungua, mafuta ya breki yanachemka, pedeli inakuwa laini, inazama mpaka chini na gari haishiki. Ukifika hapo usiniulize.

Mlima uliopanda na gia ya pili ushuke na ya pili, wazee wa malori wamesema hivyo toka zamani. Kwa IST yako toa kwenye D weka gia ya chini (inategemea gari, utakuta 2, L, S au B), fanya hivyo kabla hujaanza kushuka siyo katikati, injini italia, iache ilie. Breki unakanyaga ukapunguza mwendo kisha unaachia, usiuweke mguu pale kama umeegesha. Ukisikia ile harufu tafuta sehemu pana usimame zipoe zenyewe, na usizimwagie maji.

Hayo kishoka hakufundishi, na vyuo vingine navyo vinazungusha watu uwanjani wiki mbili bila hata kilima kimoja. Mwambie mwalimu wako akupeleke mteremkoni na lori likiwa nyuma yako, akikataa dai hela yako uhamie kwingine. Lena inaisha baada ya miezi 3 kwa hiyo angalia tarehe kabla hujaomba kupimwa, na siku hiyo vaa viatu vya kufunga, kandambili zinateleza kwenye pedeli.