Ampu ya Gitaa ya Zamani: Usiichomeke Kwanza

Ukipata ampu ya gitaa ya valvu (ile mirija ya kioo inayokuza sauti) ya miaka ya sitini, hamu ya kwanza ni kuichomeka usikie kama bado inalia. Vumilia. Yangu ni Fender Deluxe Reverb, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963, na ilifika Dar es Salaam katika kontena la mitumba kutoka Marekani. Ningeipa umeme siku ile ile, ningeunguza transfoma yake papo hapo, maana imeundwa kwa volti 120 na huku kwetu ukutani kuna 230.

Transfoma ya kushusha umeme inapatikana madukani. Chukua ya wati 300, ingawa ampu hii hula kama nusu yake tu, kwa sababu inafanya kazi bila kuhema. Angalia pia kama ina njia ya ethi, yaani waya wa ardhini. Nyingine zina matundu mawili tu, na hizo usizinunue hata kwa bei ya kutupa. Ujue vilevile kwamba transfoma ya ampu iliyopangiwa heza 60 (kasi ya mitetemo ya umeme wa Marekani) hupata joto zaidi kwenye heza 50 zetu.

Sasa hatari yenyewe. Watu hudhani ukishachomoa plagi umeshamaliza. Ndani ya ampu ya valvu kuna kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi chaji, za kuchujia umeme, na katika hii zinabeba volti zaidi ya 400 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja. Zinaweza kukaa na chaji hiyo muda mrefu baada ya kuzima, na zina uwezo wa kuua. Mimi huchukua rezista (kizuia umeme) ya kiloomu 10, wati 5, niliyoilehemea waya zenye ganda zito. Ncha moja naibana kwenye chasi, ile fremu ya chuma, nyingine naigusisha upande chanya wa kapasita, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Nahesabu hadi ishirini, kisha napima kwa mita inayofika volti 600 au zaidi. Ikisoma karibu na sifuri, waya nauacha umebanwa pale pale wakati wote wa kazi, kwa sababu kapasita hizi zina tabia ya kujirudishia chaji kidogo kidogo zikiachwa. Kuna wanaopiga shoti kwa bisibisi. Cheche ile inaweza kuharibu kapasita, na siku moja itaharibu jicho.

Ampu nyingi za Marekani za wakati huo zilikuja na plagi ya pini mbili na kikapasita kidogo kinachounganisha umeme wa ukutani na chasi. Kikipata shoti, chasi nzima inakuwa na umeme, pamoja na nyuzi za gitaa lako. Ukigusa maikrofoni kwa mdomo huku umeshika gitaa, utapigwa na umeme. Kiondoe kabisa, wala usiweke kingine mahali pake. Weka waya wa nyuzi tatu: ule wa kijani na njano ufungwe kwenye chasi kwa boliti yake peke yake, na wa kahawia, unaoleta umeme, upite kwenye fyuzi kwanza, halafu swichi.

Kapasita za kuchujia zibadilishe zote, hata zinazoonekana nzima. Baada ya miaka sitini zimekauka ndani. Za mikrofaradi 22, volti 500, zinafaa mahali pa zile za 16. Zingatia chanya na hasi, kwani ukigeuza hupasuka. Kapasita zinazopitisha sauti ziache kama hazivujishi umeme. Kubadilisha kila kitu ni kununua ampu mpya kwa njia ndefu.

Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya wa kuwaka, iliyofungwa kwa mfululizo kabla ya transfoma ya kushushia. LED haifai. Anza bila valvu: balbu imulike kidogo, ififie. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti, zima. Ikififia, chomoa, rudisha valvu, hakikisha spika imeunganishwa, kisha jaribu tena. Kuwasha ampu ya valvu bila spika kunaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ni ghali.

Kurekebisha bayasi (kiasi cha umeme unaopita kwenye valvu zikiwa zimetulia) ya valvu za nguvu ni kupima ampu ikiwa imewaka na chasi iko wazi. Hapo mimi humpelekea fundi mzee aliyezoea redio za valvu, nalipa, nakaa kando natazama.