Feni ya maji: Dodoma sawa, Dar utajuta

Toka joto lianze kila mtu ananiuliza kuhusu yale mafeni yenye tangi la maji na pedi nyuma. Nimechagua maswali machache, mengine yanafanana.

Niko Mbagala. Nimenunua feni ya maji, muuzaji kasema inapoza kama AC. Mbona chumba kinakuwa kama bafuni?

Pole ndugu yangu, umepigwa. Hiyo kitu haina kompresa (ile pampu inayosukuma gesi ndani ya AC) wala gesi, inavuta hewa ya joto inaipitisha kwenye pedi iliyolowa, maji yanageuka mvuke na ili yageuke lazima yachukue joto mahali, ndo yanalichukua kwenye hewa. Ni mtungi wa bibi tu, ule wa udongo unaotoa jasho kwa nje na maji ya ndani yanakuwa baridi, ila huu umewekewa feni. Sasa hewa ya Dar imeshashiba maji. Kukiwa na digrii 32 na unyevu asilimia 70, hata ukiilowesha hewa mpaka igome inashuka kama digrii 4 na nusu, na mashine yako haifiki huko, utapata kama 3, halafu jasho lako lenyewe linagoma kukauka kwahiyo unaona bora ungekaa nje. Mi mwenyewe nilishafanya ujinga huo Tabata, baada ya wiki mbili droo ya kabati ikavimba haifunguki na mashati yakaota ukungu. Mwaga maji, itumie kama feni kavu.

Na sisi wa Dodoma? Mume wangu anataka AC, mimi naogopa LUKU (umeme wa kulipia kabla).

Dada, hapo una hoja. Oktoba na Novemba kwenu hewa ni kavu haswa, digrii 32 na unyevu asilimia 30, feni ya maji nzuri inakutolea hewa ya digrii 23 au 24 hivi. Tupige hesabu: feni ya wati 100 saa 8 kwa siku ni uniti 24 kwa mwezi, AC ndogo inayovuta kama wati 1,000, hata ukitoa muda kompresa inapopumzika, inakula uniti 150 na zaidi, yaani kama mko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi mmeshaiaga. Ila mwambie ukweli pia kwamba mvua zikianza Desemba itapungua nguvu.

Kabla hujatoa hela fanya hivi: chukua kipimajoto cha ukutani, soma, halafu funika kile kitufe chake cha kioo cha chini kwa kitambaa kilicholowa na ukipigie feni dakika kumi, soma tena. Kikishuka digrii 10 nunua, kikishuka 4 achana nayo. Mashine itakupa kama asilimia 70 ya huo mshuko, haizidi sana hapo.

Maji je? Mtaani kwetu ni mgao.

Ndo udhaifu wake. Ya chumbani inaweza kunywa lita 3 au 4 kwa saa kukiwa kukavu, kwa saa 8 ni kama ndoo moja na nusu. Na maji ya kisima yenye chumvi yanaganda meupe kwenye pedi mpaka hewa haipiti, zioshe kwa siki kidogo.

Nikiweka barafu kwenye tangi si itapoza zaidi?

Kidogo, na kwa muda mfupi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua joto kama moja ya saba ya lile linalochukuliwa na lita moja ya maji ikigeuka mvuke. Na hiyo barafu friji imeitengeneza kwa umeme uleule unaoukimbia!

Kwa mazingira ipi ina afadhali?

Feni ya maji, mbali sana. Umeme kidogo, na haina gesi. AC nyingi zimejazwa gesi ya R-410A, kilo moja ikivuja inapasha dunia sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa, na mafundi wetu tunawajua, akija kuhamisha AC anafungua nati anaiachia hewani fyuuu, kamaliza. Gesi za aina hiyo ndo nchi za dunia zilikubaliana kuzipunguza kwenye mkutano wa Kigali 2016. Lakini sikwambii mtu wa Tanga akae na jasho kwa ajili ya mazingira, yeye atafute AC ya invata (kompresa yake inapunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka) yenye R-32, gesi inayopasha dunia kidogo kuliko R-410A, na azibe mianya.

Nafunga madirisha ili baridi isitoke, ila baada ya saa moja joto linarudi. Na mbu wamezidi.

Fungua dirisha! Hii siyo AC. Mashine ikae karibu na dirisha moja ivute hewa kavu ya nje, na upande wa pili uache upenyo ile yenye unyevu itoke, usipofanya hivo unazungusha mvuke uleule. Mbu weka wavu. Ila angalia na tangi lenyewe, maji yaliyotulia ndo wanapopenda wale wa dengi na mayai wanayabandika ukutani mwa chombo, kumwaga tu hakutoshi, sugua na brashi kila wiki.