Jibu kwa dada wa Bukavu: paka anakitazama kilango, hapiti

Jambo dada. Umesema mume wako alitoboa mlango wa jikoni akaweka kilango cha paka, na sasa ni wiki ya tatu paka anakaa mbele yake, anakitazama, halafu saa kumi za usiku anaenda kulia kwenye mlango mkubwa kama zamani. Hapo juu kuna aliyekushauri umshike umpitishe kwa nguvu mara tatu, eti atazoea. Tafadhali, usithubutu. Mimi nilifanya hivyo na kazi yangu ikarudi nyuma karibu mwezi mzima.

Niko Goma, upande wa Ndosho, katika nyumba ya mbao kama zilivyo nyingi huku: bati juu, mbao ubavuni, chini msingi wa mawe ya volkano. Nina paka wawili. Makala ni dume mweusi mwenye kiburi, Sombe ni jike, bado mdogo. Bila hao, panya wanamaliza maharage kabla yetu. Lakini siku hizi nani anafungua mlango usiku wa manane kwa sababu paka anataka kutoka? Ndiyo maana nikatafuta kilango.

Cha kwanza alinitengenezea fundi wa mtaani kwa tripleksi, yaani plaiwudi, na bawaba za chuma. Kilipendeza kama mlango wa kabati. Ila kilikuwa kizito, na kikijifunga kinapiga "pa!" nyumba nzima inasikia. Makala alipita mara moja tu. Kikamfungia mkia. Aliingia chini ya kitanda, tukamwona tena kesho yake jioni. Ndipo na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikamkamata nimsukume apite. Alinichana kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, na tangu siku ile akiniona tu nimechuchumaa karibu na lile tundu anatoweka.

Aliyenifungua macho ni mke wangu. Alisema, "Papa Furaha, hebu lala chini, weka kichwa pale anapoweka yeye." Nikalala sakafuni, paji la uso kwenye tripleksi. Nilichokiona ni ubao. Hakuna mwanga, hakuna upepo wa nje, harufu ya gundi tu. Sasa paka atajuaje kwamba ule ni mlango, wakati kila siku anapita mbele ya mbao za ukuta zinazofanana nao?

Nikaling'oa pazia lote, yaani hicho kipande kinachoning'inia, nikabakiza tundu wazi. Dada, anzia hapo. Mwambie mume wako asikasirike, hatupi kazi yake, anaiweka kando kwa wiki chache. Tundu likiwa wazi, weka chakula upande wa pili, karibu, aone na anuse. Mimi nilitumia sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mmoja mmoja, si sahani nzima. Akipita tu, ampate palepale, kabla hajasahau alichofanya. (Usianze wakati wa mbalamwezi kubwa. Wavuvi wanawavuta sambaza kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazina kazi, kwa hiyo sokoni wanapungua na bei inapanda. Nilianza wiki hiyo bila kufikiri, nikajikuta nagombea sambaza na wanangu mezani.)

Kuna mwingine amesema umnyime chakula siku mbili. Hapana. Paka asiyekula siku kadhaa, hasa aliyenenepa, anaweza kuharibikiwa na ini. Mnyime kidogo cha asubuhi, ufundishe jioni, saa ambayo hata yeye damu inamchemka atoke. Dakika tano zinatosha. Akigeuka kwenda zake, mwache.

Kisha nikaweka kitambaa. Mama Furaha alikuwa na kipande cha kitenge kilichochakaa, tukakikata vipande virefu vyembamba tukavipigilia juu ya tundu, kwanza viwili pembeni, baadaye vya katikati. Hapa ndipo anapojifunza jambo gumu kuliko yote: kwamba kitu kinaweza kumgusa mgongo wakati anapita na kisimfanye chochote. Makala, kwa ule mkia wake, alikaa siku kumi na moja kwenye kitenge. Alikuwa anaingiza kichwa mpaka mabega, kitambaa kikimgusa masikio anarudi kinyumenyume. Siku ya kumi na moja alipita kana kwamba hajawahi kuogopa, akala sambaza wake, akakaa upande wa pili kujilamba. Sombe sikumfundisha kabisa. Alimtazama mwenzake siku tatu, ya nne akamfuata. Kwa hiyo ukiwa na wawili, shughulika na mmoja, yule mgumu si lazima awe wa kwanza.

Pazia la kudumu nililikata kwenye bidoni jeupe la mafuta ya kupikia, lile la lita tano. Plastiki yake ni nyepesi na inapitisha mwanga, kwa hiyo paka anaona kivuli cha nje. Nililiweka juu ya jiko la makaa nikilishika mbali, likalainika, nikalinyoosha kati ya mbao mbili. Fanyia hilo nje, moshi wake ukianza si mzuri. Badala ya bawaba nilipigilia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Hakuna kelele hata kidogo, na hata likimrudia mkiani haliumi. Siku za mwanzo lifunge kwa uzi likae limeinuka nusu, kila baada ya siku mbili ulishushe vidole viwili. Atajifunza kulisukuma kwa paji la uso. Wengine wanapenda kulivuta kwa ukucha. Mwache, kila mtu na mkono wake.

Vipimo vyangu, kwa paka wa kawaida wa huku: upana sentimita 16, urefu 18, na ukingo wa chini wa tundu uwe sentimita 12 hivi kutoka sakafuni, ili usawa wake uwe karibu na tumbo lake. Chini sana anatambaa, juu sana anaruka, na paka anayeruka hasukumi pazia vizuri.

Jambo ambalo sijaona mtu akilitaja hapa ni mwizi. Mume wako ametoboa mlango wenyewe, sivyo? Basi pimeni kutoka kwenye tundu hadi kwenye komeo. Mkono wa mwanaume mrefu ukiingia hadi begani unafika mbali, na kijiti kinaongeza. Kama haifiki mita moja na nusu, hamisheni komeo au muongeze la pili juu. Mimi sikutoboa mlango kabisa, nilikata ubao wa ukuta, pembe ya mbali. Nyumba si yangu, na siku nikihama ubao mmoja unarudishiwa.

Na paka mgeni alikuja kupita kwenye tundu. Dume la jirani, rangi ya tangawizi, lilizoea haraka kuliko wangu na likala sambaza wa akiba. Nilichomoa ule ukanda wa sumaku ulio ndani ya mpira wa mlango wa friji iliyokufa, nikabandika kipande chini ya pazia na kingine kwenye kizingiti. Sasa linashikana kidogo, panya hawalifungui, upepo haulipeperushi, na lile dume lilikata tamaa baada ya siku mbili. Makala na Sombe ilibidi tuwarudishe kwenye sambaza jioni tatu kwa sababu ya ule mshiko mpya.

Kabla ya kumwachia usiku kucha, achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka naye anakipata na kukiambukiza, na kama ni jike afungwe uzazi. Waulize pia majirani nani anatega sumu ya panya. Paka akila panya aliyelishwa sumu, na yeye anaweza kufa.

Swali langu kwako, dada, kwa kuwa Bukavu ni milima: nje ya huo mlango wa jikoni ardhi iko chini kiasi gani? Kwangu ndani ilikuwa sawa, lakini nje msingi ulikuwa juu mpaka gotini, kwa hiyo Sombe alikuwa anatoka vizuri halafu anashindwa kurudi, analia nje badala ya ndani. Kutoka na kuingia kwa paka ni masomo mawili, kila moja na sambaza wake. Niliweka jiwe bapa la volkano kama ngazi, usiku uleule akaingia mwenyewe. Pima, uniambie.