Kwa mnaoanza kusoma China na majirani zake wa kusini

Wadogo zangu, kazi yangu ya kwanza kuhusu sera ya China kwa nchi za ASEAN, yaani jumuiya ya mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia, niliiandika kwa kutegemea hotuba za viongozi. Ujirani mwema, manufaa kwa wote, ukurasa baada ya ukurasa. Mwalimu aliirudisha na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Majirani wako wapi?" Liliniuma sana, na hadi leo ndilo ninaloanza nalo.

Someni hati zenyewe, neno kwa neno. Chukueni Azimio la Bahari ya China Kusini, bahari inayogombaniwa na China na majirani zake kadhaa, ambalo China na ASEAN walilitia saini Phnom Penh, mji mkuu wa Kamboja, Novemba 2002. Wengi hukimbilia kusema lilivunjwa. Tulieni kwenye kifungu cha 5: pande zote zijizuie na mambo ya kuchochea mgogoro, ikiwemo kupeleka watu kwenye visiwa na miamba isiyokaliwa. Isiyokaliwa! China ilipoanza kumwaga mchanga ili kupanua miamba mwaka 2013 na baadaye kujenga viwanja vya ndege, ilijenga juu ya miamba iliyokuwa tayari mikononi mwake. Kwa maoni yangu dhamira ya azimio ilivunjwa, lakini mwanya ulikuwemo tangu siku ya saini, na azimio lenyewe halimfungi mtu kisheria.

Kisha angalieni nani anakaa na nani mezani. China hupenda kuzungumza mambo ya bahari na nchi moja moja. Nchi ndogo hupata sauti zikiwa pamoja. Julai 2012, Phnom Penh ileile, mawaziri wa ASEAN waliachana bila tamko la pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka 45. Ufilipino ilitaka mwamba wa Scarborough, unaogombaniwa kati yake na China, utajwe. Kamboja, mwenyeji na rafiki wa karibu wa Beijing, ikakataa.

Wala msiwagawe majirani mafungu mawili, wanaoipenda China na wanaoichukia. Vietnam ilipigana nayo mwaka 1979, na leo viwanda vyake vinategemea malighafi kutoka huko huko. Laos ilipata reli ya kuiunganisha na China Desemba 2021, pamoja na deni lake. Tangu 2020 ASEAN ndiyo mshirika mkubwa zaidi wa biashara wa China. Mkikuta meli ya walinzi wa pwani na mkataba wa biashara ndani ya wiki moja, andikeni vyote viwili, kisha mtafute mvuvi wa Luzon kule Ufilipino na mwenye duka wa Vientiane, mji mkuu wa Laos, wanasemaje.