Gesi ndani ya kirikuu: anza na sakafu

Ukitaka kupikia ndani ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kabla hujauliza bei ya jiko, tazama sakafu. Gesi tunayonunua ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Inashuka, inatambaa chini ya meza na kutulia kwenye pembe za bodi. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya humo ndani, cheche moja inatosha. Kwa hiyo lile dirisha kubwa la kuuzia chipsi, hata likiwa wazi kutwa, halikulindi.

Nilipopeleka gari langu Gerezani kuchomelewa bodi, nilitaka kabati la mtungi lenye mlango wa nje tu, lisilo na upenyo wa kuingia jikoni, na matundu sakafuni mwake. Fundi akashangaa: "Dada, mvua ikinyesha si maji yataingia?" Yaingie tu, nitafuta kwa tambara. Magari ya kulala safarini ya Ulaya na Marekani hujengwa kwa mtindo huohuo.

Mtungi usimame wima siku zote, umefungwa mkanda wa mizigo au umewekwa ndani ya pete ya chuma. Ukilala, gesi iliyo katika hali ya maji inafika kwenye valvu, inapita kwenye regulata, na moto unaweza kuruka ghafla. Lita moja ya maji hayo hutoa zaidi ya lita 200 za gesi. Na ule mtungi wa kilo 6 wenye bana, yaani jiko lililofungwa juu yake moja kwa moja, uache nyumbani. Sufuria ya mafuta ya moto juu ya mtungi, ndani ya gari, mimi siwezi hata kuitazama.

Adui mwingine ni matuta. Kutoka Mbagala hadi Coco Beach gari linatikisika vya kutosha kulegeza klipu yoyote. Kabla ya kuwasha injini, funga koki ya mtungi wenyewe, si ya jiko peke yake. Ukifika, fungua koki na upake povu la sabuni kwenye valvu, regulata na ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakifura, funga, usipike. Wapo wanaopima kwa kiberiti. Hao sina la kuwaambia. Mpira nao ukunje kwa mkono uutazame vizuri: ukiona nyufa ndogondogo, nunua mwingine.

Ukisikia harufu umo ndani, zima moto, funga mtungi, fungua milango yote, utoke. Usiwashe feni kutoa harufu, wala usipige stata ili usogeze gari. Swichi zote hizo zina cheche. Kifaa cha kunusa gesi, ukikipata, kifungwe karibu na sakafu. Nimeona kimebandikwa darini, pambo tu.

Masika yana hatari yake. Mvua ikikaza watu hushusha dirisha na kuendelea kukaanga. Moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu hata kidogo. Mwali ukigeuka wa njano, kichwa kikianza kuuma, zima jiko ushuke, hata kama utalowa. Kwa wanaokwenda kulala kwenye Noah huko Bagamoyo: jiko la gesi si la kupashia gari joto usiku.

Kizimamoto cha unga kikae mlangoni, usilazimike kuvuka jiko kukifuata. Karai la mafuta likishika moto, zima gesi, lifunike, usimwage maji. Mwali ukiwa unatoka kwenye mtungi wenyewe na koki haifikiki, usihangaike kuupuliza, maana gesi itaendelea kumwagika bila kuwaka na kutafuta moto mwingine. Ondoa watu, kaa mbali, piga 114, namba ya Zimamoto.