Sura ni yako, picha si yako: jibu kwa dada aliyejikuta kwenye bango la mafuta ya nywele

Dada, nimesoma uzi wako wote na naona waliokujibu wengi walikimbilia kuandika kabla hawajamaliza kusoma. Kwa anayeingia sasa, kisa ni hiki. Alisukwa saluni moja katikati ya jiji, msusi akamwomba ampige picha ili waonyeshe kazi yao, naye akakubali. Miezi ikapita. Siku moja anashuka matatu, anaona sura yake kwenye bango, inatangaza mafuta ambayo hajawahi kuyapaka. Kuwauliza saluni, jibu likawa "si ulikubali?". Sasa anataka kujua kama apeleke kesi KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kama anaweza kuwaanika mtandaoni bila polisi kumfuata.

Mimi ni mpiga picha. Nilianzia pale uwanja wa KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, nikiwapiga wageni wa jiji picha za ukumbusho mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta, nikaingia harusi, ruracio (sherehe za mahari) na mahafali, na siku hizi napigia biashara ndogo picha za bidhaa zao. Kwa hiyo hili jambo nalijua nikiwa upande wa pili wa kamera, na nimeshawahi kuwa na kesi inayofanana na yako.

Yule mdau aliyeandika kwamba picha ikishapanda mtandaoni ni mali ya umma, mpuuze. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Picha yako ina wenyewe wawili: mwenye sura, na mwenye picha. Hao ni watu tofauti, kila mmoja ana haki yake, na ofisi wanazoenda si moja.

KECOBO wako NHC House pale Aga Khan Walk. Wanashughulikia haki ya aliyeitengeneza picha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki hiyo inazaliwa picha inapopigwa, hata isiposajiliwa, na aliyekaa mbele ya kamera haimhusu. Msusi aliyebonyeza simu alikuwa kazini, kwa hiyo hakimiliki ni ya mwajiri wake. Yaani kwa upande huo saluni ilikuwa na haki ya kuiuza picha kwa kampuni ya mafuta, na wewe ukipanda ngazi za NHC House utarudishwa chini kwa upole.

Hapa niwachokoze wapiga picha wenzangu kidogo, maana naona wengine wenu mmejibu kwa kujiamini sana. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Bwana harusi akikulipa umpigie harusi na hamna mkataba unaosema hakimiliki inabaki kwako, zile picha ni zake. Ule ukurasa wako wa Instagram uliojaa mabibi harusi umesimama kwa hisani ya wateja. Mkataba wangu una aya mbili tu za maana, moja ya hakimiliki na nyingine ya ruhusa ya kuonyesha picha, na mteja anaweza kuikata ya pili bila kugusa ya kwanza. Wengi wanaikata, hasa penye watoto.

Turudi kwako dada. Mlango wako uko Upper Hill, Britam Tower, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo iliyoipa haki hiyo meno. Sura inayokutambulisha ni data yako binafsi. Sasa lile neno "si ulikubali" lipime hivi. Ulikubali nani aitumie, na kwa kazi gani? Ulikubali saluni ionyeshe misuko. Kampuni ya mafuta hukuiona wala hukuisikia. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo ya data kinamtwika anayetumia data mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa ridhaa, na cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Kwa hiyo usihangaike kutafuta ushahidi kwamba hukukubali. Wao ndio watoe karatasi. Nakuhakikishia hawana, kwa sababu kwa biashara hizi ndogo ninazozipigia, fomu ya ridhaa huwa mpaka niilete mimi na kusimama juu yao.

Na hizi si sheria za kupamba kabati. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza faini klabu moja ya Ngong Road shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Siku hizo hizo shule moja ya Uthiru ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumika bila ruhusa ya wazazi. Kiwango cha juu ni milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Faini inaenda serikalini, lakini fidia ni jambo jingine, na unaweza kuiomba katika malalamiko hayo hayo.

Kisa changu sasa. Nilimpiga picha mama mmoja soko la Gikomba, muuza nguo za watoto, amekaa juu ya mzigo wake anacheka. Nilimwomba ruhusa ya kuiweka kwenye ukurasa wangu, akasema sawa bora nimtumie na yeye. Baadaye akanipigia simu kwa hasira, akaniita mwizi. Kumbe picha ile ilikuwa kwenye tangazo la kampuni ya mikopo ya simu, na majirani zake sokoni wameanza kumwambia kumbe anakopa. Alama yangu pembeni mwa picha ilikuwa imekatwa. Niliandikia kampuni barua, wakanijibu kwamba waliitoa Google. Kana kwamba Google ni shamba la mtu yeyote.

Tukaenda kila mtu na njia yake. Mimi nikadai hakimiliki: barua, barua tena, wakili wao akaniuliza hasara niliyopata ni shilingi ngapi, mambo yakakaa. Mama alipeleka malalamiko kwa Kamishna, nami nikamsaidia kuandika kwa sababu hana kompyuta. Baada ya kampuni kupata barua ya kutakiwa ijieleze, simu ndipo zikaanza. Walilipana naye, tangazo likatoka, na mimi nikapewa changu mwisho kabisa, kidogo kuliko chake. Sikulalamika. Aliyekuwa anachekwa sokoni ni yeye. Tangu hapo mtu akinijia na kesi kama yako huwa simwanzishii kwa hakimiliki hata kama anayo. Njia ya faragha hailipiwi kufungua, haihitaji wakili, na sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu.

Hakimiliki ina mahali pake penye nguvu, nako ni kuondoa kitu mtandaoni. Marekebisho ya 2019 yaliingiza utaratibu wa ilani ya uondoaji: mwenye haki anamwandikia mtoa huduma ya intaneti, naye ana saa 48. Mitandao mikubwa ya Marekani ina fomu zake, zilizojengwa juu ya sheria yao ya hakimiliki ya 1998, na kwa uzoefu wangu fomu ya hakimiliki inajibiwa haraka kuliko ya faragha. Ndiyo maana watu wanashawishika kuijaza hata kama picha si yao. Usifanye hivyo. Ilani ya uongo ni kosa kisheria, na jambo jingine wengi hawalijui: Instagram na Facebook humpa uliyemshtaki jina lako na barua pepe uliyoijazia. Nimewaona vijana wakishtaki akaunti ya mtu mkorofi halafu mkorofi akapata anwani yao kwa mkono wao wenyewe. Wewe dada jaza fomu ya faragha.

Kuna mdau aliuliza kwa dharau kwa nini tunasumbuana kuhusu picha. Nadhani ni mazoea ya kutoa taarifa zetu bila kuuliza. Hapa Nairobi kila jengo askari anakusukumia kitabu uandike jina, namba ya kitambulisho na simu, na kitabu kimelala wazi, unasoma namba za walioingia kabla yako. Agosti 2023 niliona foleni pale KICC, watu wanapanga mboni za macho zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ya miili ya watu ifutwe ndani ya siku saba. Nilizungumza na vijana kwenye foleni ile. Hakuna aliyekuwa mjinga. Walikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

Sasa kuanika. Hapa nakuelewa, na hapa ndipo nataka uende taratibu. Uhuru wa kujieleza uko kifungu cha 33 cha Katiba, na mahakama zetu zimeutetea: Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile walichokuwa wakikamatia watu kwa "matumizi mabaya ya kifaa", na Februari 2017 ikafuta kashfa kama kosa la jinai. Lakini kashfa kama kesi ya madai bado ipo, na kinga yako ni ukweli unaoweza kuuthibitisha. Halafu kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Kifungu chake cha 27, cha usumbufu wa mtandaoni, kina adhabu ya hadi milioni 20 au miaka 10. Kilirekebishwa Oktoba 2025 kikazidi kupanuka, na mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu zake kwa muda. Sikutishi. Nakwambia tu kwamba anayetaka kukunyamazisha ana kamba za kuokota. Tuliona Mei 2025 msanidi wa programu alivyokamatwa hapa Nairobi kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia watu kutuma barua pepe bungeni kuhusu Mswada wa Fedha. Juni hakimu akayatupa mashtaka, lakini seli alishalala.

Kwa hiyo ukiandika, andika ulichokiona: bango liko hapa, sura ni yangu, sikuombwa, nimewaandikia tarehe fulani, wamejibu hivi. Maneno kama "wezi" na "matapeli" waachie wasomaji wayafikie wenyewe. Namba ya simu ya mwenye saluni usiiweke, maana utakuwa umemfanyia lile lile unalolilalamikia. Na picha yenyewe usiipakue kwenye ukurasa wao kisha uipandishe kwako. Piga ya bango pale barabarani, steji ionekane. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya kukosoa, lakini picha uliyoipiga mwenyewe ni yako na inathibitisha pia mahali lilipokuwa.

Kabla hujaipandisha kumbuka inaweza kubeba mahali na saa ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, ukituma kama faili zinabaki. Kwa Kamishna tuma faili yenyewe. Kwenye mtandao weka iliyosafishwa. Hili nililishika Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha. Nilikuwa Moi Avenue na kamera, na kisheria nilikuwa salama, kwani kifungu cha 52 cha sheria ya data kinawaachia uandishi wa habari na sanaa nafasi pale penye maslahi ya umma. Siku chache baadaye vijana walioandamana wakaanza kutekwa majumbani. Msichana mmoja akaniandikia, "kaka, naomba unitoe". Nilimtoa kwenye picha, na wengine ambao hawakuomba nikawafunika nyuso. Kuna wenzangu wanasema nilipunguza thamani ya kumbukumbu. Labda. Sura zao zisizofunikwa ninazo kwenye diski isiyounganishwa na intaneti, na zitasubiri.

Basi anza hivi: skrinshoti za ukurasa wa kampuni zenye tarehe na anwani, picha za bango, risiti ya M-Pesa ya siku uliyosukwa. Kisha barua mbili, moja kwa saluni na moja kwa kampuni ya mafuta, kwa maandishi na si kwa simu, ukiwaambia unaondoa ridhaa yoyote wanayodai walipewa na unataka nakala yake. Wape muda mfupi. Wakijitokeza na pesa kabla hujafika Upper Hill, soma wanachotaka usaini, kwa sababu mara nyingi ndani kuna mstari unaowaruhusu kuendelea kuitumia sura yako. Ukiupata, uukate kwa kalamu, saini pembeni, na wao wasaini pia. Barua ukitaka nikuangalizie kabla ya kutuma, nitumie, ila futa kwanza namba ya kitambulisho.