Mhusika Kafa, Mbona Nalia Mimi?

Wiki hii barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja, cha waandishi wanaowaonea huruma watu ambao hawapo. Nimezijibu sita. Waliotaka niwasomee mswada mzima wanisubiri, macho yangu ni mawili.

Nimeandika sura ambayo bibi wa mhusika wangu anafariki. Nililia mpaka mume wangu akadhani tumefiwa kweli. Niko sawa? (Msomaji, Morogoro)

Uko sawa, dada. Mwambie shemeji asianze kuchangisha rambirambi. Mwandishi wa Kifaransa Flaubert, yule aliyemlisha mhusika wake Emma Bovary sumu ya arseniki, alimweleza mwanazuoni Taine kwamba alipokuwa akiandika tukio lile ladha ya arseniki ilimjaa mdomoni, na chakula cha jioni akakitapika. Na hakuwa mtu wa machozi ya karibu. Alikuwa mtu wa kukesha na sentensi moja.

Ila machozi yako si stakabadhi. Wewe umemlilia bibi kwa sababu unamjua, sauti yake unaisikia hata ukiwa jikoni. Msomaji hajakaa naye. Iache sura hiyo wiki mbili, kisha uisome kwa sauti. Ukikuta "majonzi yasiyo kifani" na "moyo ulimpasuka vipande vipande", basi ulilia ukasahau kuandika. Kama kanga ya bibi bado inaning'inia kwenye msumari na siku ya tatu hakuna aliyethubutu kuiondoa, hapo umeandika.

Kila mhusika wangu akikaribia shida, namwokoa. Mhariri kaniambia hadithi yangu haina chumvi. Nifanyeje? (Mwandishi chipukizi, Tanga)

Ugonjwa huo nimeuugua, tena vibaya. Zamani nilikuwa na hadithi ya mfululizo gazetini kuhusu mama muuza vitumbua. Nilimpa jina Mwanaidi. Anadaiwa kodi ya chumba miezi mitatu, mwenye nyumba kaahidi kuja Ijumaa. Nilimpenda mama yule, jamani. Ijumaa ilipofika nikamshushia mjomba kutoka Muscat na bahasha mkononi. Toleo lililofuata mtoto akaugua, mjomba akalipa. Ada ya shule, mjomba. Fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye hulisoma gazeti kwanza ndipo alifungie viatu vya watu, akanisimamisha njiani: "Mwalimu, huyu mjomba hana kazi?"

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikamfuta mjomba kwenye sura ambazo zilikuwa hazijachapwa. Ikabaki Alhamisi nyingine ya usiku, Mwanaidi na koroboi, anahesabu pesa mara ya tatu kana kwamba zitaongezeka. Hazitoshi. Ana kitu kimoja tu cha kuuzika, kikaango chake cha vitumbua, kile cha chuma chenye mashimo saba. Akikiuza chumba kimepona, lakini Jumamosi atauza nini? Akakiuza. Kabla ya kumkabidhi mnunuzi akakifuta mafuta kwa gazeti, shimo moja moja, asije akasemwa kuwa ni mchafu. Nilipoandika hapo nilijiona mwizi. Kisha ikaja Jumamosi yenyewe. Saa kumi alfajiri ameamka kwa mazoea, mchele aliuloweka jana yake kwa mazoea hayo hayo, na sasa amesimama na bakuli lake, jiko halina cha kuwekewa.

Siku hiyo ndipo nilipomfahamu. Kwa miezi sita sikuwa nampenda, nilikuwa namdekeza. Kila nilipomleta mjomba, nilimnyang'anya Mwanaidi nafasi ya kuamua jambo, na mtu asiyeamua jambo utamjuaje? Kwa hiyo sikushauri uongeze majanga. Tafuta mjomba mmoja kwenye mswada wako, umfute, uone mhusika atashika nini mkononi. Pengine mhariri wako chumvi anayoitafuta ni hiyo.

Mimi kinyume chake. Nikiwatesa wahusika wangu nasikia raha kabisa. Nina roho mbaya? (Kijana, Nairobi)

Sidhani. Raha hiyo mara nyingi ni ya seremala anapoona ulimi wa ubao umeingia barabara kwenye tundu lake. Ila nikuulize, mhusika wako anataka nini? Ukijibu haraka, endelea. Ukikwama, basi unapiga mtu aliyefungwa kamba.

Na hapa nina dukuduku langu. Katika hadithi nyingi zinazozunguka kwenye simu, akihitajika mtu wa kuteswa hutafutwa msichana. Sura ya pili kabakwa, ya tatu ana mimba, ya tano kafukuzwa, na mwandishi anasema "anaelimisha jamii". Kezilahabi alimfikisha Rosa mpaka kujiua katika *Rosa Mistika*, mwaka 1971, na kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Lakini kisome tena utazame kazi ilivyofanywa. Baba anayelinda kwa fimbo anamlea binti asiyejua kusema na mwanamume, na binti huyo siku moja anajikuta yuko huru bila kufundishwa uhuru unashikwaje. Kila pigo lina mzazi wake. Usipoweza kuniambia pigo lako limezaliwa na nini, lifute, hata kama lilikuliza. Hasa kama lilikuliza.

Mhusika wangu nimemchota kwa shangazi yangu. Nimemtia ulevi na talaka mbili. Shangazi yu hai na anasoma kila kitu. (Mombasa, jina usitoe)

Afadhali umeuliza kabla ya kuchapa. Mtu wa karatasi haumii, huyu wa pili anaumia. Kubadili jina ni kujidanganya, maana watu hawamtambui mtu kwa jina, wanamtambua kwa kikohozi.

Nasema kikohozi kwa sababu nina deni. Nilikuwa na jirani ambaye kila akitaka kusema uongo alikohoa kwanza, kidogo tu, kama anayesafisha koo. Nikampa kikohozi kile tapeli wa hadithi yangu. Nilibadili jina, kabila, kazi, mpaka mji. Jirani alisoma. Hakuniambia neno, aliendelea kunisalimu kila asubuhi, ila mbele yangu hakukohoa tena. Mwaka mzima, hata alipokuwa na mafua, nilimwona akiyameza. Hadithi ile ilisifiwa sana na mimi siipendi.

Chukua jeraha la shangazi, mwili muachie mwenyewe. Mlevi wako awe mwanamume, awe dereva wa lori, awe padri ukitaka. Kama haiwezekani bila shangazi, basi chukua mswada uende kwake ukamsomee sura hiyo, mkiwa wawili. Ukiona huwezi kumsomea ana kwa ana, jibu umeshalipata.

Nilimuua shujaa wangu, sasa kundi zima la WhatsApp linataka nimfufue. Wengine wananitukana. (Zanzibar)

Pole, lakini uko kwenye foleni ndefu. Mwandishi Conan Doyle alimchoka mapema Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake. Mwaka 1891 alimwandikia mama yake kwamba anafikiria kummaliza. Mama akakataa, na Holmes akapata miaka miwili zaidi ya kuishi. Mwaka 1893 mwana hakusikia tena, akamtumbukiza kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Wasomaji wakasusa jarida lililokuwa likichapa hadithi hizo. Mwaka 1903 Holmes akarudi mzima, na aliweza kurudi kwa sababu rafiki yake Watson alikuta nyayo, fimbo na barua tu; maiti hakuna aliyeiona.

Kwa hiyo swali langu ni la kifundi: wako mlimzika? Kama watu walishika udongo na khitma imesomwa, muache alale, na matusi yatapoa. Watu hawamtukani mwandishi kwa ajili ya mtu wasiyemjali.

Je, wewe huwa unawaomba radhi wahusika wako? (Msomaji, Bukoba)

Mmoja tu. Hadithi ya Mwanaidi ilipofika mwisho, kikaango kilikuwa bado kwa mnunuzi, nami gazetini nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya maneno 200. Nikayamaliza kwenye harusi ya bintiye.